Naitwa Ebedmeleki

Naitwa Ebedmeleki, mzaliwa na mkazi wa Sepuka, wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida. Ni mkulima wa alizeti na uwele, na siku za mnada nauza kuku wa kienyeji. Nimeombwa mara nyingi kueleza habari za jina langu, na leo nimeona niziandike, kwa sababu wapo vijana wengi wanaobeba majina wasiyoyajua, na wapo wazazi wengi waliowapa watoto majina mazito kisha wakanyamaza.

Kwetu Singida majina ya Kiebrania si kitu kigeni. Tangu wamisionari wa Kilutheri wa Augustana, kutoka Marekani, walipoanza kazi Iramba na Turu katika miaka ya 1920, Wakristo wa huku wamewaita watoto wao kina Yeremia, Samweli, Rebeka na Naomi. Tena Watanzania tulikwenda mbele zaidi: tukachukua Eli, yaani Mungu wangu, tukaliunga na maneno yetu wenyewe, wakapatikana kina Elibariki, Elifuraha, Elineema na Elisante. Elibariki Kingu, aliyechaguliwa mwaka 2015 kuwa mbunge wa jimbo letu la Singida Magharibi, ana jina ambalo nusu yake imetoka Yerusalemu na nusu nyingine ni Kiswahili, wala hakuna anayelishangaa. Lazaro Nyalandu, aliyekuwa mbunge wa Singida Kaskazini, anabeba jina lililotokana na Eleazari, maana yake Mungu amesaidia. Majina hayo yameshaota mizizi. Langu halikuota. Sijapata kukutana na mtu mwingine anayeitwa Ebedmeleki.

Shuleni mwalimu alipofika kwenye jina langu katika kuita mahudhurio, alisimama kwanza, akalitazama, akalitamka vipandevipande. Darasa zima likacheka. Wenzangu wakalikata kila mtu kwa namna yake: Ebe, Bedi, Meleki. Siku moja katika kipindi cha dini tulisoma kwamba Ebedmeleki wa kwenye Biblia alikuwa towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa. Neno hilo lilipoelezwa, nilijua kwamba mapumziko ya siku hiyo yatakuwa marefu kwangu. Wavulana walinifuata nalo hadi njiani, na waliendelea nalo hata nilipobalehe, wakati ambao mvulana anataka kuonekana mwanamume kuliko kitu kingine chochote.

Baadaye mtu mmoja akaniambia kwamba ebed kwa Kiebrania ni mtumwa. Hilo liliniuma kwa njia nyingine. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu kati ya Tabora na Bagamoyo ilikatiza upande wa Manyoni, kusini mwa mkoa wetu. Wazee wa nchi ya kati hawalitamki neno mtumwa kwa wepesi. Nikawa najiuliza: babu yangu, mwinjilisti aliyeheshimika, mtu aliyepima maneno, aliona nini kwangu siku nilipozaliwa hata akaniita mtumwa wa mfalme? Naye alikwisha kufariki nikiwa mdogo, sikuweza kumwuliza.

Matatizo ya karatasi yakaongeza uzito. Mahali fulani karani aliligawa jina langu mara mbili, akaandika Ebedi kuwa jina la kwanza na Meleki kuwa jina la kati. Cheti kimoja kikasema hivi, kingine vile, na kila nilikopeleka maombi niliambiwa majina hayalingani. Nilipokwenda kutafuta riziki mjini Singida, nikibeba magunia ya vitunguu na alizeti, nilijiita Eddy. Lilikuwa jina jepesi, halikuulizwa chochote. Mwishowe nikaamua nilibadili kabisa kwa sheria, niwe Edward hadi kaburini. Wakili aliniambia nitahitaji kiapo cha mtu mzima anayezijua habari za kuzaliwa kwangu. Nikapanda gari kurudi Sepuka kumwomba mama anisaidie.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alisema, "Sawa, baba. Nitaapa kama unataka. Lakini mtu haapi juu ya jambo asilolieleza. Kaa kwanza nikueleze."

Ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia habari za kuzaliwa kwangu. Ulikuwa ule msimu wa mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998. Singida ni nchi kavu. Mwaka wa kawaida tunapata kati ya milimita 500 na 800 za mvua, na miezi mingi ya mwaka hatuoni tone. Mwaka ule mbingu zilifunguka. Mabonde yote yanayoteremka kuelekea mbuga ya Wembere yakajaa, na udongo mweusi wa mbugani, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu, ukawa ute. Mama alishikwa na uchungu na mtoto hakuja. Mkunga alijitahidi usiku kucha, asubuhi akasema hili limepita uwezo wake, apelekwe hospitali ya mkoa.

Lililopatikana ni lori la nafaka. Walimlaza mama nyuma juu ya magunia, babu akapanda pamoja naye, wakaondoka. Hawakufika mbali. Kwenye korongo moja lori lilizama mpaka ekseli. Dereva alikanyaga mafuta, magurudumu yakazidi kuchimba. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mama anasema alisikia maji yakipita chini ya lori na akajua kwamba atafia pale.

Kisha watu wakaanza kutokea. Hakuna aliyewaita. Walikuwa wakulima waliokuwa mashambani kando ya njia, wachungaji wa ng'ombe, wapita njia. Wakristo na Waislamu, Wanyaturu na Wasukuma. Walifunga kamba za ng'ombe kwenye lori. Zile kamba zikateleza mikononi na magurudumu yakaendelea kuzunguka bure, ndipo mzee mmoja akavua koti lake kuukuu akalisukuma chini ya tairi. Mwingine akavua shati. Wanawake wakaleta magunia yaliyochakaa na khanga zilizopauka. Wakavitandika vyote juu ya tope, wakarudi kwenye kamba, wakavuta pamoja. Lori likatoka. Hakuna aliyedai koti lake. Zile nguo zilibaki kwenye korongo. Mama alifika hospitali akiwa hai, nami nikatolewa nikiwa hai.

"Jioni ile," mama akasema, "babu yako alifungua Yeremia, sura ya 38. Aliposoma akalia. Akasema, mtoto huyu ametolewa topeni kwa kamba na matambara, kama yule nabii. Tutampa jina la aliyevuta."

Sikumwomba tena mama aape. Nilibaki Sepuka usiku huo, na nikasoma sura ile kana kwamba imeandikwa upya.

Habari yenyewe ni hii. Ni miaka ya mwisho ya ufalme wa Yuda. Wababeli wameuzingira Yerusalemu, mji ambao ungeanguka mwaka 587 au 586 KK. Yeremia anasema wazi kwamba vita hivyo havishindiki. Wakuu wanne wanamshtaki kwa mfalme Zedekia kuwa anawavunja moyo askari, wanataka auawe. Mfalme anawajibu kwamba yumo mikononi mwao, naye hawezi kuwapinga. Wanamteremsha nabii kwa kamba katika shimo la Malkiya, mwana wa mfalme. Halikuwa kaburi wala gereza. Lilikuwa birika la kuhifadhi maji ya mvua, la aina waliyoichonga katika mwamba: mdomo mwembamba, tumbo pana, kuta zilizosiribwa. Sisi watu wa nchi kavu tunajua maana ya birika kukauka. Mji ulikuwa umezingirwa, maji yameisha, chini limebaki tope, na Yeremia akazama humo.

Jumba la mfalme lilikuwa na mgeni, Mkushi aitwaye Ebedmeleki. Kushi ni nchi ya Nubia, kusini mwa Aswan, sehemu ambayo leo ni kaskazini mwa Sudani. Yaani huyu ni Mwafrika, mtu wa mto Nile kama sisi watu wa Afrika Mashariki ambao ziwa letu la Viktoria linaulisha mto huohuo. Na Wakushi hawakuwa watu wa kudharauliwa: wafalme wao waliitawala Misri katika karne ya 8 na ya 7 KK, na mmoja wao, Tirhaka, ametajwa katika kitabu cha pili cha Wafalme. Ebedmeleki aliposikia habari za shimo, alitoka kwenda kwenye lango la Benyamini, ambako mfalme alikuwa ameketi, mahali pa wazi, mbele za watu. Akasema mbele ya mfalme kwamba watu hao wametenda vibaya, na kwamba nabii atakufa kwa njaa mle. Mfalme aliyeshindwa na wakuu akamsikiliza mgeni. Akampa watu 30.

Hapo ndipo Biblia inaposimama kueleza jambo ambalo mwandishi mwingine angeliruka. Kabla ya kwenda shimoni Ebedmeleki alipita chumba kilicho chini ya hazina, akachukua nguo zilizochakaa na matambara makuukuu, akayateremsha kwa kamba, akamwambia Yeremia ayaweke kwapani, chini ya kamba. Mtu aliyekonda kwa njaa, akinaswa na tope, akivutwa na kamba tupu, kwapa zake zingechanika. Ebedmeleki alifikiria kwapa. Alikuwa na haraka ya kuokoa uhai, na bado akatafuta nafasi ya kuzuia maumivu.

Nilimpelekea maswali yangu mchungaji mmoja aliyesoma teolojia katika chuo cha Makumira, ambako wanafundishwa pia Kiebrania. Yeye ndiye aliyenifungulia jina lenyewe. Ebed ni mtumwa, akaniambia, lakini pia ni mtumishi, na pia ni afisa wa serikali. Melek ni mfalme. Ebed iliyomo ndani ya jina langu ndiyo iliyomo katika Obedi, babu yake Daudi, na katika Obadia, mtumishi wa Bwana. Melek ndiyo iliyomo katika Elimeleki, mume wa Naomi, na katika Melkizedeki, mfalme wa haki. Hata Malkiya, mwenye lile shimo, jina lake lasema Bwana ni mfalme wangu. Hata lile neno la towashi, saris, lilitumika pia kwa maofisa wa jumba la kifalme.

Akanieleza kwamba katika Yuda ya kale "mtumishi wa mfalme" kilikuwa cheo. Mihuri imefukuliwa yenye cheo hicho. Mmoja uliopatikana mwaka 1932 huko Tell en-Nasbeh, kaskazini mwa Yerusalemu, ni wa mtu aitwaye Yaazania, mtumishi wa mfalme, na chini ya maandishi imechorwa picha ya jogoo. Mimi muuza kuku wa Singida nilifurahi mno kusikia hilo! Wasomi wengine husema huenda Ebedmeleki lilikuwa jina la cheo alilopewa kazini, na jina lake la Kikushi hatukuachiwa. Akaniambia pia kwamba katika uchimbuzi wa mambo ya kale kwenye Jiji la Daudi, Yerusalemu, mtaalamu Eilat Mazar alipata vipande vya udongo vilivyopigwa mihuri ya wakuu wawili kati ya wale wanne: cha Yukali mwana wa Shelemia mwaka 2005, na cha Gedalia mwana wa Pashuri mwaka 2008. Waliomtupa nabii wameacha mihuri. Aliyemtoa hajaachiwa muhuri wowote, lakini mtoto wa Sepuka ameitwa kwa jina lake.

Nilipomsimulia jirani yetu ustadhi, alitabasamu akasema jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu utoto. Mwanawe anaitwa Abdulmaliki. Abdi ni mja, na Al-Malik, Mfalme, ni moja ya majina matukufu ya Mwenyezi Mungu. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, na majina yetu mawili yametoka shina moja. "Wewe na mwanangu ni ndugu wa jina," akasema. Yule Abdulmaliki nilisoma naye darasa moja. Yeye hakuchekwa hata siku moja, kwa sababu jina lake limezoeleka kutoka Mombasa hadi Kigoma. Nilitambua kwamba jina langu halikuwa na kasoro. Lilikosa wenzake tu wa kulisindikiza.

Lipo jambo jingine lililonishika. Zedekia, yule mfalme dhaifu, hakuzaliwa Zedekia. Aliitwa Matania. Mwaka 597 KK Nebukadneza alimweka kwenye kiti cha enzi na akambadili jina. Mtu mwingine alimwita upya, akamfanya wake, naye kwa miaka 11 ya utawala wake alishindwa kusimama juu ya miguu yake. Nikawaza jina Edward ambalo nilitaka kulivaa. Si jina baya, wengi wanalibeba kwa heshima. Lakini mimi nililitaka kwa sababu moja tu, niwaridhishe walionicheka.

Basi nikalishika jina langu, na muda si mrefu likanidai. Mwaka mmoja baada ya mazishi ya mumewe, mama mmoja mjane katika eneo letu aliamka akakuta ng'ombe wa plau wakilima shamba lake la alizeti. Waliokuwa wakilima ni watu wa upande wa mume. Walisema shamba ni la ukoo, na mwanamke ni mpita njia. Kila mtu kijijini alijua kwamba si haki, na kila mtu alisema pembeni. Wahusika ni watu wenye mifugo mingi na maneno makali. Mimi ni kijana, tena kwa undugu wa mbali wale ni baba zangu wadogo. Niliogopa, na sioni aibu kulisema, kwa maana katika sura ya 39 Mungu anampelekea Ebedmeleki ahadi kwamba hatatiwa mikononi mwa watu anaowaogopa. Kumbe naye aliogopa! Alikwenda langoni akiwa na hofu yake.

Nilianza na matambara kabla ya kamba. Nilikwenda jioni kwa wazee wa ukoo mmoja mmoja, nikiwaamkia kama inavyonipasa, bila kumtia mtu aibu mbele za watoto wake. Nilimsihi mjane asitukanane nao. Nilitafuta mtu anayejua sheria akanifafanulia: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Akaniambia pia kwamba Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni lazima wawe wanawake. Baraza lilipoketi, nilisimama mbele za watu wote, nikasema niliyoyajua na niliyoyaona. Sauti ilitetemeka mwanzoni. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe ni nani hata useme?" Nikajibu jina langu kamili, lote, bila kulikata. Baada yangu akasimama mama mmoja, kisha mzee mwingine, kisha wengi.

Usuluhishi ulichukua muda, lakini shamba lilirudi kwa mjane, na wale wa upande wa mume wanasalimiana naye mpaka leo. Hilo la pili ndilo ninalomshukuru Mungu zaidi. Tungeweza kumtoa shimoni kwa kamba tupu, akabaki na shamba lakini bila ukoo, na watoto wake bila baba wadogo. Ebedmeleki alinifundisha kwamba kumtetea mtu kunahitaji mambo mawili kwa pamoja: kusema mahali pa wazi, na kufikiri anayevutwa ataumia wapi. Tangu hapo watu huja kwangu wakiwa na mashauri ya mirathi, ya mipaka, ya watoto walioachishwa shule. Sina cheo. Nakwenda nao tu, kwa wazee kwanza, kisha barazani.

Badiliko ambalo Mungu amenifanyia ni hilo. Yule kijana aliyekuwa akijiita Eddy ili asiulizwe, sasa hujitambulisha kwa jina zima na kungoja swali, kwa maana swali likija napata nafasi ya kumsimulia mtu habari za Mkushi, za tope la Yerusalemu na za korongo la njia ya Singida. Vyeti vyangu nimevifuatilia, na jina limeandikwa neno moja. Na kila mvua kubwa inaponyesha, nawakumbuka watu ambao siwajui kwa sura, walioacha makoti yao matopeni kwa ajili ya mama yangu. Ninawadai watoto wa Sepuka wawe watu wa namna hiyo, nikianza na mimi mwenyewe.

Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Nawasihi wazazi: mkimpa mtoto jina, mpeni na sababu yake. Iandikeni nyuma ya cheti chake cha kuzaliwa au ndani ya jalada la Biblia au Msahafu wa nyumbani, maana mwenye kuijua sababu anaweza kufariki kabla mtoto hajafikia umri wa kuuliza, kama babu yangu alivyofariki. Nanyi vijana mnaotaka kulibadili jina, sheria inawaruhusu na sitawazuia. Lakini nendeni kwanza kwa mama, kwa bibi, kwa shangazi, mkaulize siku mliyozaliwa mambo yalikuwaje. Nendeni mwaka huu, wangali hai na wanakumbuka.